Mbonyeo wa Mpenzi

Ishbel alikuwa amefika katikati ya ukumbi wa kimea, beleshi la mbao mikononi, alipomsikia shangazi yake akiwaingiza watalii kwa mlango wa chini. Hakugeuka. Shayiri iliyokwisha kulowekwa na kutandazwa sakafuni ilikuwa imeanza kutoa vimizizi vyeupe, na shayiri ikifika hapo haimsubiri mtu. Ukiiacha, vimizizi hukumbatiana, na kufika jioni unakuwa na zulia badala ya nafaka. Akachota, akarusha, akarudi nyuma hatua moja. Akachota tena.

Kilikuwa kimea cha mwisho cha msimu. Kijito kilichokilisha maji kiwanda cha wiski cha Ardvarra kilikuwa kimekonda kama kila kiangazi, na mioto ilikuwa imezimwa tangu mwanzoni mwa juma. Lakini mwaka huu kulikuwa na jambo jingine. Chungu kikubwa cha shaba, kile kilichokuwa kikichemshia wiski tangu enzi za babu yake, kilikuwa kimechakaa, ukuta wake umebaki mwembamba kama ganda la yai. Karakana moja ya wafua shaba kule bara ilikuwa imepewa kazi ya kutengeneza kipya cha kufanana nacho, na fundi wa kuja kupima alitarajiwa siku yoyote.

"Na huyu ndiye Ishbel, binti wa kaka yangu," Shangazi Peigi alisema, kwa ile sauti yake ya watalii. "Msimsogelee sana, anauma. Tunamlisha shayiri asubuhi na jioni."

Watalii wakacheka. Walikuwa wachache, wamevaa makoti ya mvua ingawa mvua haikuwepo.

"Nani anajaribu kugeuza?" Shangazi Peigi akauliza.

Mama mmoja wa Kijerumani alijaribu, akaijaza shayiri kwenye viatu vyake. Mumewe akampiga picha. Kisha mtu mwingine akanyoosha mkono kutoka nyuma, mwanamume mwenye ndevu na kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. Ishbel akampa beleshi bila kumtazama, kwa kuwa alikuwa akitafuta kitambaa cha kujifutia jasho.

Alipoinua macho, mtu yule alikuwa amekwisha kugeuza mstari mzima.

Alikuwa ameshika beleshi mkono wa kushoto chini. Katika dunia nzima hakuna wanaogeuza kimea hivyo isipokuwa watu wa Ardvarra, na hao nao hufanya hivyo kwa sababu tu mgeuzaji wao wa kwanza alikuwa mtu wa shoto, akawafundisha wengine, wakafundishana, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kubadilisha. Mtu yule alichota, akakunja kifundo cha mkono kidogo mwishoni, nafaka zikaanguka kama zinamwagwa kutoka kwenye kanga ya mama. Ishbel alikijua kifundo kile kabla hajaujua uso.

Damu ilimpanda hadi masikioni. Akaenda kulichukua beleshi lake.

"Nipe," alisema polepole. "Utapata malengelenge."

"Nilishayapata zamani," Innes alijibu, naye polepole. "Umekata nywele."

"Umefuga midevu."

"Haijakaa vizuri?"

"Umekuwa kama beberu wa Mzee Calum."

Shangazi Peigi alikuwa akiwaeleza watalii habari za moshi wa udongo mweusi unaochimbwa kinamasini, na jinsi unavyokaushia kimea. Alieleza kwa urefu kuliko kawaida yake, mgongo amewapa wawili hawa.

"Unakuja na tiketi?" Ishbel akauliza. "Miaka saba, halafu unakuja na tiketi ya watalii?"

"Mwenye tiketi hafukuzwi. Baba yako angeweza kunifungia mlango wa ofisini. Huu hawezi."

"Umekuja kufanya nini?"

Innes akasita. Baadaye Ishbel aliukumbuka sana ule kusita. "Kupima chungu," akasema. "Mimi ndiye fundi mnayemsubiri. Lazima nirudi na feri ya saa kumi na moja."

Ishbel akalipokea beleshi. Kwa hiyo ni chungu. Alikuwa na muda wa moyo kupiga mara mbili tatu wa kuamini kwamba ni kitu kingine, na muda huo ulikuwa umekwisha.

"Basi kapime," akasema. "Leo Ijumaa. Ukiikosa feri hiyo, nyingine ni Jumatatu." Akaendelea kugeuza.

Lakini alipomaliza upande wa dirishani aliliegemeza beleshi ukutani, akiacha upande wa pili haujaguswa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akawafuata watalii kwenye jumba la vyungu.

Chungu kilisimama pale kama kawaida yake, tumbo pana, shingo ndefu, shaba imeiva rangi ya asali. Kilikuwa na mibonyeo mingi, na Shangazi Peigi aliijua yote kwa majina.

"Huu hapa ni wa ngazi iliyoteleza. Ule wa chini ni wa pipa lililomkimbia bibi yangu. Mnaona, vyungu vikibadilishwa, mafundi hupima kila mbonyeo na kuupiga upya palepale ulipokuwa. Wapo wanaosema ni ushirikina. Huenda. Lakini nani atakuwa wa kwanza kuuacha mmoja, halafu wiski ije na ladha nyingine?" Akanyanyua fimbo hadi kwenye bega la chungu. "Na ule pale juu, mkubwa kama bakuli la supu, huo tunauita Mbonyeo wa Mpenzi. Kulikuwa na kijana wa kazi hapa. Siku moja yuko juu ya ngazi ameshika spana nzito, binti fulani akaingia na chai. Kijana badala ya kutazama spana akatazama binti."

Watalii wakacheka tena. Ishbel alitazama sakafu.

"Na huyo kijana aliishia wapi?" mtalii mwenye ndevu akauliza.

"Ah, huyo," Shangazi Peigi akasema bila kugeuka. "Alimposa binti juma hilohilo. Baba wa binti akasema mkono usioweza kushika spana hauwezi kushika mkono wa binti yake. Kijana akapanda feri bila kumuaga mtu. Watu wanasema alipotea. Mimi nasema aliota ndevu."

Hapo ndipo Ishbel alipojua kwamba shangazi yake alikuwa amemtambua tangu kwenye kukata tiketi.

Kikohozi kikasikika. Mzee Murdo, baba yake Ishbel, alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Ndiye aliyekuwa akisimamia chungu kile tangu ujanani, na wengi walimwogopa kwa sababu hakuwa akipandisha sauti.

"Peigi," akasema, "wageni wako wana kiu."

Shangazi Peigi akawaongoza wageni kwenda chumba cha kuonjea, lakini yeye mwenyewe akabaki kizingitini, nusu ndani nusu nje. Mlango haukufungwa.

Innes akavua kofia. "Shikamoo, Mzee Murdo."

"Nilikuambia nini siku ile?"

"Uliniambia nisikanyage hapa mpaka niweze kuunyoosha huo mbonyeo kwa mikono yangu."

"Nawe ukaenda."

"Nikaenda kujifunza."

"Muda wote huu?"

"Shaba haina njia ya mkato, mzee." Innes aliinama, akafungua mfuko wake, akatoa nyundo ndogo ya mbao iliyovalishwa ngozi kichwani. Ilikuwa imetumika sana. "Nimekuja kupima chungu, hiyo ndiyo kazi niliyotumwa. Lakini kabla hakijatolewa nataka niunyooshe ule mbonyeo, uone. Hauchukui hata muda wa chai kupoa."

Mzee Murdo aliitazama nyundo. Kisha akafanya jambo ambalo binti yake hakulitarajia. Alipiga hatua mbili, akasimama kati ya nyundo na chungu.

"Usiuguse," akasema.

"Mzee, naweza. Kweli naweza."

"Sijasema huwezi."

Nje, kondoo mmoja alilia, akajibiwa.

"Mwambie, Baba," Ishbel akasema.

"Nimwambie nini?"

"Basi nitamwambia mimi," Shangazi Peigi akasema kutoka kizingitini. "Wiski iliyochemshwa baada ya huo mbonyeo wako, kijana, sasa imekomaa. Ndiyo inayozishinda zote ghalani. Kama ni kwa ajili ya mbonyeo, au shayiri ya mwaka ule ilikuwa njema, mimi sijui, wala hakuna anayejua. Ila wenye kiwanda wamesema chungu kipya kisiletwe bila huo. Na kaka yangu huyu kila Jumamosi huenda kulifungua pipa akanusa, akidhani hatumwoni."

"Peigi."

"Hunusi?"

Mzee Murdo akayaelekeza macho dirishani. "Huwa nakagua," akasema.

Innes aliketi kwenye kidato cha ngazi, nyundo magotini. Alionekana kama mtu aliyebeba mzigo mlima mzima akaambiwa ulitakiwa ubaki chini. "Kwa hiyo nimejifunza miaka yote hii kunyoosha kitu ambacho hakitakiwi kunyooshwa."

"Pole," akasema Mzee Murdo, na ilisikika kana kwamba alimaanisha kidogo. Akatoa tochi mfukoni, akamkabidhi Ishbel. "Kupima kunahitaji mtu ndani na mtu nje. Mimi mabega yangu hayapiti tena kwenye hicho kitundu. Ingia wewe. Mmulikie, ugonge anapokuambia. Wala msizungumze sana. Feri haina ndugu."

Akatoka, akimvuta dada yake kwa mkono wa sweta.

Ishbel aliingia kwa kitundu kilichokuwa ubavuni mwa chungu, miguu kwanza, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na kutumwa kusugua. Ndani palikuwa na harufu ya moto wa zamani na matunda yaliyolala. Akawasha tochi. Upande wa ndani mibonyeo ilikuwa vilima, na mwanga uliipita ikitupa vivuli.

"Unanisikia?" sauti ya Innes ikaja kupitia kitundu.

"Nakusikia. Usipaze sauti, humu inazunguka."

"Tuanze na ule wa pipa la bibi. Gonga."

Akagonga kwa kifundo cha kidole. Upande wa pili Innes akalaza ukanda laini wa madini ya risasi juu ya shaba, akaukandamiza hadi ukashika umbo, akaunyanyua taratibu na kuuchora kwenye karatasi. Walifanya hivyo kwa mbonyeo wa kwanza na wa pili na wa tatu. Kazi ilikwenda vizuri. Ishbel alichukia kwamba ilikwenda vizuri. Mikono yao bado ilijuana.

"Kwa nini hukuaga?" akauliza, akiwa ameukabili ukuta wa shaba. Ilikuwa rahisi kusema na ukuta.

"Baba yako alisema nisirudi mpaka niweze."

"Baba alisema nawe. Mimi ni nani aliyesema nami?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeharibu chungu cha watu na mikono haina kazi?"

"Ungesema hivyohivyo."

"Nilidhani nitachukua mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, bado napiga masufuria. Ukaja mwingine. Kila nikishika kalamu najiona ni mtu wa ahadi tupu. Nikasema niende nikiwa na kitu mkononi."

"Na umekuja nacho."

"Nimekuja nacho, na hakitakiwi."

Ishbel alicheka, bila kupenda, na kicheko kikazunguka ndani ya chungu kikamrudia. Akakikomesha.

"Nilikuwa nageuza kimea," akasema, "siku ulipoondoka. Nikaisikia honi ya feri, nikasema, leo imejaza. Sikujua imekubeba wewe. Niliambiwa na mwenye duka, Innes. Nimeenda kununua sukari, mwenye duka ananipa pole. Nikajifanya najua."

Nje, kalamu iliacha kukwaruza karatasi.

"Mimi sikutaka uunyooshe," aliendelea. "Kila siku nimekuwa nikipita hapa nautazama. Wengine wana picha kwenye fremu. Mimi nina shaba iliyobonyea."

"Ishbel."

"Niambie ukweli. Ungeletewa kazi ya chungu kingine, kisiwa kingine, ungekuja hapa?"

"Kazi hii haikuwa yangu. Walipewa wazee wawili. Nimeiomba. Nimemwomba bosi mpaka akasema nenda, utatuua kwa maneno." Alipumua. "Kule kwenye shayiri uliponiuliza nimekuja kufanya nini, nilitaka kusema nimekuja kwako. Neno likakataa kutoka. Likatoka chungu."

Ishbel aliuweka mkono wake juu ya kilima kikubwa kuliko vyote, ule wa begani. Shaba ilikuwa baridi. Kisha, taratibu, ikaacha kuwa baridi, na akaelewa kwamba upande wa pili kulikuwa na kiganja kingine. Ukuta ulikuwa mwembamba kama ganda la yai.

"Umebaki huu tu," Innes akasema hatimaye. "Nikishauchukua kipimo nimemaliza. Sitaki kukuharakisha kunijibu. Sina haki hiyo. Ila nitapanda feri nikiwa sijui, na nilitaka ujue kwamba nitapanda nikiwa sijui."

Bandarini, chini ya kilima, feri ikapiga honi ya kwanza. Ile ya kuwaita walio mbali.

Ishbel aliufikiria upande wa pili wa ukumbi wa kimea, ambao mpaka sasa haujageuzwa, vimizizi vikitafutana gizani. Alifikiria maneno mengi ya kusema, mengine makali na ya haki. Alikuwa ameyatunza muda mrefu. Yalihitaji zaidi ya dakika chache na honi.

"Gonga," Innes akasema. "Nimeshaweka ukanda."

Ishbel akazima tochi.

"Ishbel? Mbona giza?"

"Betri," akasema.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Hakuna nyingine?"

"Mwenye duka amefunga."

Kisha ukanda wa risasi ukasikika ukinyanyuliwa polepole kutoka kwenye shaba, haujakandamizwa, na Innes akashuka ngazi kidato kwa kidato kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Alipomshika mkono kumvuta kutoka kitunduni, alimshika kwa mikono yote miwili. Masizi yalikuwa yamempaka Ishbel shavuni. Hakumfuta. Alimtazama tu, na Ishbel akamwacha amtazame, mpaka viatu vya Mzee Murdo vilipokaribia.

"Mmemaliza?"

"Umebaki mmoja, Baba."

"Upi?"

Mzee Murdo aliinua macho hadi begani mwa chungu, akayashusha. Honi ya pili ikalia.

"Ukikimbia utaiwahi," akamwambia Innes.

"Ndiyo, mzee." Innes hakusogea.

"Naye atapimaje mbonyeo akiwa baharini?" akauliza Shangazi Peigi, aliyekuwa ametokea tena bila kuitwa. "Kitanda kipo kwangu. Samaki wapo, viazi vipo. Kazi ya nusu haitoki Ardvarra, umesema mwenyewe tangu nakufahamu."

"Sikumuuliza mtu."

"Tatizo ni Jumapili," shangazi akaendelea, macho yakimcheza. "Akiwa hapa Jumapili itabidi aje kanisani. Na akija kanisani itabidi aketi kwenye benchi la watu fulani. Si mtalii tena huyu. Akiketi nyuma, watu watauliza. Akiketi kwetu, watu hawatauliza tena."

Kisiwani kila mtu alijua maana yake. Mwanamume asiye ndugu akiketi benchi la nyumba yenye binti, wanawake huanza kuhesabu vikombe vya harusi kabla ya wimbo wa pili. Innes alimtazama Ishbel. Mzee Murdo naye, baada ya kusafisha koo, akamtazama Ishbel.

"Tupime chungu kwanza," Ishbel akasema. "Jumapili haijafika. Na kabla ya chungu kuna nusu ya kimea niliyoiacha, haitangoja mpaka kesho. Nahitaji mtu wa shoto."

"Kuna beleshi la pili?" akauliza Innes.

"Liko palepale ulipoliacha."

Wakatoka pamoja, si bega kwa bega, lakini si mbali. Shangazi Peigi akawafuata ili awe na cha kusimulia.

Mzee Murdo alibaki peke yake. Feri ikapiga honi ya mwisho na kuondoka, akaisikiliza hadi ilipofifia. Akaiokota tochi yake kwenye ukingo wa kitundu, akasukuma kitufe. Mwanga ukaruka moja kwa moja hadi begani mwa chungu, mkali na mweupe. Betri alikuwa amezitia jana yake kwa mkono wake mwenyewe.

Akautazama mbonyeo kwa muda. Akazima. Akaiweka tochi mfukoni, akafunga kitundu cha chungu kisije kikaingia vumbi, na ukanda wa risasi aliokuta umeachwa juu ya ngazi hakuuondoa.

"Kesho basi," akakiambia chungu.